Nyumba Iliyothaminiwa

Nitasema mapema nisije nikasingiziwa unafiki: mdogo wangu aliponiambia benki imemkubalia mkopo wa nyumba, sikufurahi. Nilisema hongera, nikamkumbatia, nikapiga vigelegele viwili vitatu vilivyotoka kama kikohozi. Lakini kijiba cha roho kilikuwa kimeshakaa mkao wa kula.

Mimi ni fundi rangi. Mwaka wa kumi na tisa huu napaka nyumba za watu. Nimepaka vyumba vya maharusi, vyumba vya watoto ambao hawajazaliwa, na sebule ya mke na mume ambao hubadili rangi kila wakipatana baada ya ugomvi. Nikimaliza nakunja turubai langu, naosha brashi, narudi kwenye vyumba viwili vya kupanga ambavyo kuta zake sijawahi kuzigusa, kwa sababu mwenye nyumba kasema akitaka rangi atasema mwenyewe. Halafu mdogo wangu, niliyemfundisha mimi kufunga kamba za viatu, mtu asiyejua rola inashikwa upande gani, ndiye anapata nyumba.

Hata hivyo nyumba peke yake ningeimeza. Kilichonikaa kooni ni Mama. Mama alikuwa akiishi nami mwaka wa saba. Chai yake najua sukari yake, dawa zake najua saa zake. Mdogo wangu alipoleta habari ya mkopo, aliongeza na ya pili hapo hapo, bila hata kupumua: "Na chumba cha nyuma ni cha Mama. Mama anahamia kwangu." Mama alicheka mpaka akashika kifua. Hakunitazama. Nilitaka anitazame, hata kidogo, kama mtu anayeuliza kwanza.

Jumatatu mdogo wangu akanichukua nikaione nyumba nimchagulie rangi. Tulimkuta dalali mlangoni na funguo zake, kavaa viatu vinavyong'aa kuliko madirisha. Alinizungusha kila chumba kana kwamba mnunuzi ni mimi, akifungua makabati na kuyafunga. Nyumba ilikuwa nzuri, na sitaki kuwadanganya. Sebule pana, jiko lenye dirisha juu ya sinki, kiuani kidogo nyuma, na juu ya paa tangi jeusi la maji.

"Nyumba kama hii sihitaji kuisifia," dalali akasema. "Kizuri chajiuza."

"Basi wewe umekuja kufanya nini?" nikamuuliza. Mdogo wangu akanikata jicho.

Tukaingia chumba cha nyuma. Jua la asubuhi lilikuwa limejaa sakafuni. Dirisha linatazama kiuani, mlango wa choo uko hatua tatu tu, na dari lilikuwa jipya, jeupe, halina hata doa la nzi. Hata dari jipya kawekewa! Kwangu Mama analala chini ya dari lenye ramani ya dunia nzima. Roho iliniuma hadi nikasogea ukutani nijifanye napima.

Hapo mkono wangu ukaona jambo kabla yangu. Rangi ina umri. Ukipitisha kiganja juu ya rangi ya miaka mitano na juu ya rangi ya juzi, hutachanganya, ni kama kumshika shavu bibi na mjukuu. Kuta tatu za chumba kile zilikuwa na miaka yake. Ukuta wa nne haukuwa na wiki saba. Aliyeupaka alijitahidi kuufananisha na wenzake, akakaribia sana, na kusema kweli ustadi wake nao uliniudhi. Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Palipopaswa kutoa mlio mzito palijibu mlio wa debe tupu.

Nani anapaka ukuta mmoja kwa mapenzi? Hakuna. Ukuta ukipakwa peke yake una siri, na ninajua kwa sababu siri za namna hiyo nimezipaka mimi mwenyewe, tena si mara moja. Mwenye nyumba anakwambia funika hapa, wateja wanakuja kesho, na wewe unafunika. Sisi mafundi rangi ndio wanja wa nyumba mbovu.

"Dada, unaonaje?" mdogo wangu akaniuliza.

"Nyeupe imezidi," nikasema. "Tafuta kitu chenye joto kidogo. Mama anapenda rangi ya maziwa."

Ndivyo nilivyojibu. Na nitasema nilichosikia moyoni: nilisikia raha. Nilitoka ndani ya nyumba ile mwepesi, nikamuaga dalali kwa tabasamu. Ina ugonjwa, nikawa najiambia njia nzima. Nyumba yako nzuri, bibie, ina ugonjwa, na anayejua ni mimi peke yangu.

Jumanne nikanyamaza. Jumatano nikanyamaza. Nilikuwa na sababu zangu, mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu. Nilijiambia benki wamemtuma mtu wao, si mtoto wa jana yule, kama kuna tatizo angesema. Nilijiambia nikisema wataniona nina husuda. Saa nyingine nilijiambia ukweli, kwamba nataka asaini, ahamie, ukuta umwage plasta mbele ya wageni wake, na Mama arudi kwangu akiwa na sanduku lake. Lakini kabla hajarudi ingebidi kwanza alale mle. Hapo mawazo yangu yalikuwa yakisimama, nami nikawa sitaki kuyasukuma yaendelee.

Alhamisi jioni mdogo wangu akaja na futi ya kupimia kitanda cha Mama. Saini ilikuwa kesho yake, saa nane mchana, benki. Tukala pamoja. Mama alikuwa mchangamfu kama bibi harusi, anauliza pazia litakuwa la rangi gani, anauliza kama kiuani patakaa kiti. Mimi nanyanyua sahani, naleta maji, naambiwa ahsante bila kutazamwa.

Mama akasema, "Miaka saba nimejibanza. Sasa na mimi nitajinyoosha."

Kujibanza! Kwangu kumbe alikuwa amejibanza. Niliweka jagi mezani maji yakaruka.

"Jinyooshe, Mama! Jinyooshe chini ya ukuta unaooza!"

Wakanitazama wote wawili. Nikayamwaga yote: rangi mpya, mlio wa debe, siri, wanja. Nilisema kwa sauti ya mtu anayegombana, si ya mtu anayeonya, na wao wakasikia ile sauti tu.

Mdogo wangu akafungua mkoba, akatoa barua ya benki, akainyoosha mezani kati ya sahani. "Soma mwenyewe. Mtu wa benki alikuja, akapima, akapiga picha, akaandika ripoti. Hii hapa: nyumba imethaminiwa. Imepita, Dada. Imepita!"

"Watu wa benki wale," Mama akadakia, "ambao hata kalamu ya kusainia wanaifunga kamba usiondoke nayo. Wao wameithamini. Wewe usiyeithamini una nini?"

"Mama, kuthamini huko si kuthamini huku."

"Kuna kuthamini kungapi?"

Hata mimi nilikuwa sijui kulieleza jambo lenyewe. Nilijua tu kwamba mtu aliyekaa dakika ishirini na kamera hagusi kuta kwa kiganja.

"Mwenye wivu ajinyonge," mdogo wangu akasema, akaanza kukunja futi yake. Mama akamkanya, "Usimwambie dada yako hivyo," lakini alimkanya kwa upole mno.

Nilimsindikiza mlangoni kwa mazoea tu, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, hata ukigombana na mtu unamsindikiza. Kwenye ngazi akasimama. Akageuka, na sauti yake ikawa ya yule mdogo wangu wa zamani aliyekuwa akiogopa giza.

"Dada. Niambie kweli. Ni wivu au ni ukuta?"

"Vyote viwili," nikasema.

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Usiniamini mimi. Wala usimwamini yule wa benki, wala dalali. Tafuta mtu ambaye hapati kitu ukinunua, na hapati kitu usiponunua."

"Unamjua?"

Nilimjua, na nilimchukia. Ni mkaguzi wa majengo, jina lake kazini ni Kucha. Miaka miwili nyuma nilimpakia mwenye nyumba mmoja ukuta wenye unyevu, koti tatu safi za rangi, nikalipwa, nikaenda zangu. Siku wanunuzi walipokuja na Kucha, mimi nilikuwepo namalizia mlango wa nje. Akaupitisha ukucha wake mrefu wa kidole gumba chini ya rangi yangu, akaibandua ukanda mrefu mbele ya watu kumi, akauliza, "Nani kapaka uchafu huu?" Tangu siku hiyo tukikutana dukani mmoja wetu hutoka nje.

"Huyo anakuchukia?" mdogo wangu akauliza nilipomweleza.

"Anachukia rangi yangu na kivuli changu."

"Basi mpigie."

Nikampigia nikiwa nimesimama pale pale kwenye ngazi. Aliponitambua aliruka salamu.

"Una nini?"

"Kuna nyumba."

"Umeipaka?"

"Sijaipaka."

"Basi nitakuja," Kucha akasema, akakata.

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi alikuwa pale na ngazi yake begani, tochi, nondo fupi yenye ncha na kifaa chake cha kupimia unyevu. Mama naye alikuja. Alisema amekuja kuona kiuani, lakini mimi namjua Mama. Alikuja kuona nani ataumbuka. Tukamwekea ndoo iliyogeuzwa katikati ya chumba cha nyuma, akaketi na mkoba wake mapajani.

Dalali aliingia anahema. "Jamani, kwani benki hawajamaliza kazi? Na mkitaka mkaguzi mbona ninaye wangu? Anamaliza kwa dakika tano."

"Ndiyo maana anamaliza kwa dakika tano," Kucha akamjibu, akaendelea kufungua bomba la sinki.

Alifungua kila bomba. Alilaza kichwa sakafuni kuona kama imeshuka upande mmoja. Alizunguka msingi kwa nje, akachungulia shimo la maji machafu, akajaribu kila swichi, akafungua kila dirisha na kulifunga. Saa nzima ikapita, kisha ya pili ikaanza, na kila alipoandika kitu kwenye daftari lake mdogo wangu alikuwa akishusha pumzi. Mwishowe akaingia chumba cha nyuma, akauendea ukuta wangu. Niuite wangu, maana nilikuwa nimeulea siku zote zile.

Akaweka kifaa chake. Akakitazama. Akakihamisha, akakitazama tena. Akatoa ukucha, akakwaruza pembeni. Rangi haikubanduka. Akagonga, ukalia debe tupu, akagonga kwa kushuka mpaka chini, kisha kwa kupanda, akichora kwa penseli. Mchoro ukatoka umbo la mlango.

"Hapa palikuwa na mlango," akasema. "Waliuziba kwa mbao zamani wakapiga plasta juu. Haudhuru kitu. Ukuta ni mkavu. Ukuta huu mzima kabisa."

Dalali akacheka kwa sauti. Mama hakucheka, alinitazama, hatimaye alinitazama, na ingekuwa heri asingenitazama. Mdogo wangu alifumba macho akasema "Alhamdulillah" kwa sauti ndogo. Nami nilisimama pale nimeshika ngazi ya mtu ninayemchukia, na aibu niliyoona haikuwa peke yake. Pamoja nayo nilikuwa nimevunjika moyo. Nyumba ilikuwa nzima na mimi nilikuwa nimevunjika moyo.

"Saa ngapi?" mdogo wangu akauliza.

"Saa tano kasoro," dalali akasema haraka. "Muda upo. Saini saa nane, tunawahi."

Kucha hakuwa ametoka ukutani. "Fundi," akaniita bila kugeuka, "rangi hii ina muda gani?"

"Wiki sita. Saba haijafika."

"Na ukuta ni mkavu. Sasa walikuwa wanafunika nini?"

"Doa," nikasema. "Kwa koti hizi, lazima lilikuwa doa."

"La kitu gani?"

"La maji."

"Maji yalitoka wapi?"

Macho yangu yalishapanda juu yenyewe. Sote tukatazama juu. Dari jipya. Nyumba nzima dari la kale, chumba hiki tu jipya, na mimi siku ile ya Jumatatu nililionea wivu badala ya kuliangalia. Mimi ni mtu wa kuta. Tena nilikuwa nimeshapata kosa la kunifurahisha, sikutaka kutafuta jingine.

"Kulifungua dari haiwezekani," dalali akasema. "Hiyo ni mali ya mtu."

"Mpigie huyo mtu," mdogo wangu akamwambia.

Dalali akapiga. Muuzaji alisema hakuna haja, dari limewekwa kupendezesha tu. Mdogo wangu akaichukua simu mkononi mwa dalali. Sijawahi kumwona amesimama vile. "Kama ni la kupendezesha tu, likifunguliwa kibao kimoja na kurudishwa halitapungua uzuri," akasema. "Lisipofunguliwa, sisaini." Akasikiliza, akairudisha simu. "Kasema fungua."

Nilimshikia Kucha ngazi. Akafungua skrubu za kibao cha pembeni, akakishusha polepole, akaingiza tochi na kichwa. Tulimwona kuanzia mabegani kwenda chini. Kisha akanyoosha mkono, akaomba nondo. Nikampa. Nilitegemea kusikia chuma kikigonga mbao. Sikusikia mlio wowote. Nondo ilizama.

Alishuka na konzi ya kitu, akaifungua mbele yetu. Ilikuwa mbao, yaani ilikuwa mbao zamani. Aliibonyeza kwa dole gumba ikawa unga, na mchwa wawili wakakimbia kiganjani mwake.

"Tangi limevuja juu ya mbao hizi miaka," akasema. "Maji yamezilainisha, mchwa wamemalizia. Dari la zamani lilipoota madoa wakalibadilisha, na ukuta wakaupaka. Tangi wakaliziba, hilo nawashukuru. Lakini mbao ziko vile vile." Akamgeukia Mama kwa adabu. "Mama, lile tangi likijaa ni lita elfu moja. Ni tani nzima. Liko juu ya hapo ulipokaa."

Mama aliinuka kwenye ndoo kwa haraka ambayo sikuijua kwake.

"Lakini benki waliikagua," mdogo wangu akasema. Alikuwa bado ameshika ile barua. "Walikuja. Wameandika."

Kucha akaichukua, akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini ambayo hakuna mtu huyasoma. "Huyu bwana hakukosea," akasema. "Kazi yake kaifanya. Benki walimuuliza swali moja: huyu dada akishindwa kulipa, tukiiuza nyumba hii fedha yetu itarudi? Akaangalia mtaa, akaangalia kiwanja, akaangalia nyumba za jirani zimeuzwaje, akawajibu, itarudi. Na ni kweli itarudi, hata paa likianguka kiwanja kitakuwepo. Na hapa chini kaandika mwenyewe, dari halikufunguliwa. Hakukudanganya. Wewe hukumuuliza kitu."

"Nyumba njema si mlango," Mama akasema taratibu, kama mtu anayejisemesha.

Kucha akaketi kwenye kipandio cha ngazi, akafungua ukurasa mpya. "Naandika ripoti. Rangi mpya ya ukuta iligunduliwa na nani?"

"Na mimi," nikasema, na nilisema kwa majivuno kidogo. Sikuona shimo lililokuwa mbele yangu.

"Lini?"

Ningeweza kusema jana. Hakuna ambaye angenibishia. Lakini mdogo wangu alikuwa amenitazama kwa shukrani, machozi yamemlenga, tayari kunikumbatia, na shukrani ile sikuweza kuivumilia. Iliniunguza kuliko tusi la jana.

"Jumatatu."

Kucha akaandika. Ndiye pekee aliyekuwa akisogea chumbani.

"Jumatatu tulikuwa wote," mdogo wangu akasema. "Nilikuuliza, unaonaje. Ukaniambia rangi ya maziwa."

"Ndiyo."

"Ungeniacha nisaini?"

"Sijui," nikasema, na huo ndio ukweli, mpaka leo sijui. "Nilitaka usipate. Nilitaka uipate na ikuchoshe. Nilitaka Mama asiondoke. Jana nilisema kwa hasira tu, sikusema kwa wema."

Mama alichukua mkoba wake, akatoka, akaenda kusimama kiuani, mbali na kivuli cha tangi.

Mdogo wangu hakusaini siku ile. Aliwapigia benki akaahirisha. Muuzaji alinuna wiki mbili, akatishia kumpa mteja mwingine, na mteja mwingine hakutokea, kwa sababu mbao zile sasa zilikuwa na ripoti. Mwishowe muuzaji akalishusha tangi chini, juu ya msingi wa zege, akang'oa mbao zote za upande ule akaweka mpya. Kucha akarudi kukagua mara ya pili, akapanda, akashuka, akasema ndiyo. Watu waliomjua walishangaa, maana neno hilo hutoka kinywani mwake mara chache. Mdogo wangu akasaini.

Muda wote huo tulikuwa tunasemeshana kupitia Mama. Mwambie dada hivi, mwambie mdogo wako vile. Na chumba cha nyuma alikipaka fundi mwingine. Nilisikia kwa watu. Rangi ya maziwa, wakaniambia, koti mbili, kazi safi. Nimeonea wivu vingi maishani, lakini brashi ya yule fundi niliionea wivu kuliko nyumba.

Siku ya kuhama nilimkuta Mama amefungua sanduku kitandani, anatoa magauni kabatini. Kuhusu Jumatatu alikuwa hajaniambia kitu tangu siku ile. Nilisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia mikono.

"Siku tatu," akasema bila kugeuka, "ulinipakulia chakula."

"Ndiyo, Mama."

"Ukijua."

"Nilijua nusu. Lakini ndiyo."

Akakunja gauni, akalikunjua, akalikunja upya. Na mimi nikasema neno ambalo kumbe nilikuwa nalo muda wote, likatoka bila hasira, likatoka kidogo mno: "Usiende."

Hapo ndipo Mama akageuka.

"Tangu mdogo wako alete ile habari," akasema, "mimi nasubiri hilo. Kila siku nikikaa mezani nasubiri. Nikicheka nacheka kwa nguvu ili useme. Wewe ukaenda kugonga ukuta."

"Ningesema, ungebaki?"

Alifikiri. Mama hasemi uongo ili kumfariji mtu. "Nisingebaki," akasema. "Lakini ningejua."

Nilikaa kitandani, yeye akanisukumia magauni. "Kunja. Na ukunje vizuri, si kama unavyokunja turubai lako."

Nikakunja. Baada ya muda nikaona kwamba yeye anayagawa, mafungu mawili, moja sandukuni na jingine juu ya mto. Nikauliza la kwenye mto ni la nini.

"Hayo yanabaki. Jumamosi na Jumapili niko hapa. Au na siku hizo umempangisha mtu?"

Akaenda jikoni kutafuta kikombe chake. Nikabaki peke yangu na yale mafungu, na nikafanya nilichofanya. Nikahesabu. Sandukuni yalikuwa sita. Juu ya mto yalikuwa nane. Nikahesabu mara ya pili nisije nikawa nimejipendelea. Nane. Kisha nikayaingiza kabatini harakaharaka, nikafunga mlango, kwa sababu gari la mdogo wangu lilikuwa limeshapiga honi chini, na sikutaka ayaone.